Ukurasa wa Kumi na Mbili Uache Wazi

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mkaza mjomba naye shikamoo, na mwambie ule mto aliokifungia kinanda kisigongwe njiani nimeshaulalia, haurudi tena. Mama hajambo, ila goti linamsumbua akipanda ngazi. Kasema nikuandikie kwamba dada yako bado yu hai na ungeweza kupokea simu yake hata mara moja kwa mwezi. Mimi mwenyewe nimepiga mara sita. Inaita, inaita, mpaka inachoka. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mjomba, kimefika! Wapakizi walikishusha mlangoni pa duka la dawa saa sita mchana, wateja wamejaa, nami nikaacha kaunta nikakikumbatia na mfuko wake wote. Mzee mmoja aliyekuja kuchukua dawa ya presha akaniuliza kama nimeletewa mchumba. Nikamwambia huyu ni zaidi ya mchumba, huyu nimemjua tangu nina miaka kumi na mitano.

Sijui nikushukuru vipi. Kinanda ulichokipiga miaka kumi na mmoja, ambacho ulikuwa hutaki mtu akisogelee na kikombe cha chai, leo unanipa mimi kwa sababu ya mgongo? Si ungetafuta wa kukubebea? Sawa, sikuulizi. Asante. Nasema tena asante.

Sasa jambo lenyewe. Bendi ya ukumbi ulio karibu na kazini kwangu imenichukua kwa majaribio, mpiga kinanda wao amehama. Kiongozi wao tunamwita Bwana Saa, maana ana saa ya kupimia wakimbiaji shingoni, na anapima kimya kati ya wimbo na wimbo. Kikizidi sekunde kumi anaandika kwenye daftari. Nimepewa mpaka harusi ya Jumamosi ya mwisho ya Mei. Nikishindwa hapo, wanatafuta mwingine. Mjomba, miaka saba napanga vidonge kwenye rafu na sijawahi kukitaka kitu kama ninavyoitaka nafasi hii.

Taabu yangu ni zile sauti ulizohifadhi. Mpango wake nimeuelewa: kurasa kumi na mbili, kila ukurasa vitufe vinane, ukibonyeza kimoja unapata sauti, mdundo, kasi na nguvu yake, vyote kwa pamoja kama ulivyoviacha. Lakini majina hayo! VIATU CHINI. SAHANI ZIMERUDI. MZEE ANAKOHOA. Hii ni ala gani, mjomba? Halafu mwimbaji wetu, dada mmoja mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, ameniomba nipunguze ukali, eti masikio yanamuuma. Nadhani ni spika za pale ukumbini.

Ni mimi mpwa wako,
Kidole Kimoja

19 Februari

Kidole Kimoja,

Marahaba, marahaba. Sisi tupo. Sare za shule zimenijaa mpaka dirishani, na mashine ya kushona imeanza kuringa kwa kuwa inajua nina haraka. Mkaza mjomba wako anasema mto ni wake na ataufuata kwa miguu. Yule mwalimu wa muziki wa shule ya ng'ambo ya barabara, niliyemshauri anunue kinanda cha aina ileile kama chetu, anakusalimu na anauliza lini utakuja kumwonyesha maajabu.

Mwambie mama yako simu yangu ina matatizo yake. Akitaka kunigombeza aniandikie, nitasoma kila neno.

Mgongo ni mgongo. Achana nao.

Majina usiyaguse. Umesikia? Sikuyaweka ili nichekwe na wauza dawa. Nitakueleza maana yake sare zikipungua, kwa sasa wewe piga tu ulivyokuta. Na ukurasa wa kumi na mbili uache wazi kama ulivyo. Mpiga kinanda siku zote awe na ukurasa mmoja mtupu. Utakuja kuuhitaji, na hutajua ni wa nini mpaka siku yenyewe.

Kuhusu ukali, ni hizo spika. Washushe kidogo tu.

Nimefurahi mno kuhusu bendi. Nimemsomea mkaza mjomba wako ile sehemu ya mchumba mara mbili, na mara zote mbili amecheka mahali palepale.

Mjomba wako

8 Machi

Mjomba,

Shikamoo nyingi. Natumaini sare zimepungua. Mama goti limepata nafuu, sasa anapanda ngazi akilalamika kuhusu mambo mengine.

Barua yako imenifikia jana. Asante kwa mawaidha yote. Kinanda kipo vizuri sana, kimepangika, huwezi kuamini. Kila kitu kinaonekana.

Ila Jumamosi sikufanya vizuri. Watu wamemaliza kula, mwimbaji ananiangalia, mimi natafuta sauti ya kuwainua vitini. Nikafungua ukurasa wa filimbi, nikajaribu Filimbi 2, nikaona hapana, nikaenda Filimbi 3, nayo ikaja na mdundo wa kutembeza maharusi. Bibi mmoja akasimama akidhani bwana harusi anaingia upya. Bwana Saa aliandika sekunde arobaini na moja. Arobaini na moja, mjomba! Alinionyesha tu daftari, na hilo ndilo baya zaidi.

Zimebaki wiki kumi na mbili. Naomba unifundishe, tafadhali. Hata kama ni kwa barua fupi.

Kidole Kimoja

27 Machi

Wewe mtoto,

Marahaba. Hapa wote wazima. Nimemaliza sare, nimebakiwa na suruali moja ya mkuu wa shule ambaye amenenepa tangu nimpime.

Sasa njoo hapa. Umeandika "Filimbi 3". Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuwa na kitu kinachoitwa Filimbi 3. Umefanya nini? Usinijibu, najua. Umefuta majina yangu ukapanga sauti zote kwa ala, filimbi na filimbi, vinanda na vinanda, kama dawa kwenye rafu. Tena umehifadhi juu ya zangu bila kuweka nakala. Nilikulea mimi. Najua mtu aliyepanga vikombe vya mama yake kwa ukubwa akavunja vitatu.

Nilinuna siku mbili, mkaza mjomba wako ni shahidi. Siku ya tatu nikacheka mpaka nikajichoma sindano.

Sikiliza vizuri. Dukani mgonjwa anakuja na karatasi ya daktari, kwa hiyo unajua unachotafuta. Harusini hakuna anayekuletea karatasi. Unaangalia watu. Ndiyo maana nilipanga kwa yale yanayotokea ukumbini. Ukurasa wa kwanza ni watu wanaingia, wa pili wamekaa, wa tatu wanakula, hivyo hivyo mpaka wanaaga. Ndani ya kila ukurasa, kitufe cha kwanza mpaka cha saba vinafuatana kama mambo yanavyofuatana, kidole kinakwenda kulia tu, hakirudi nyuma kutafuta. SAHANI ZIMERUDI maana yake wahudumu wamekusanya vyombo na watu hawajui waanze kucheza au wangoje. Hapo unawapa kitu cha katikati. MZEE ANAKOHOA, kuna mtu anataka hotuba, shusha. VIATU CHINI, akina mama wamevua viatu, usipunguze kasi hata kama jengo linaungua.

Na kitufe cha nane, katika kila ukurasa, ni kilekile: piano tupu, haina ngoma, haina madoido. Huo ndio mlango wa kutokea. Mwimbaji akisahau maneno, keki ikichelewa, lolote likiharibika, bonyeza nane, piga polepole, tabasamu. Watu watadhani mlipanga.

Sasa chukua mkasi. Ule mfuko wa kinanda niliushona mwenyewe. Chini kushoto, kwenye bitana, kuna mshono wa uzi mwekundu. Ufumue. Ndani kuna flashi. Nilijua siku hii itafika.

Mna folda za miaka kumi na mmoja. Chukua ya mwaka wa kwanza tu. Hizo nyingine ni takataka, usizifungue, zitakupotezea muda.

Mjomba wako

14 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimekaa sakafuni na mkasi mkononi, nalia na kucheka kwa wakati mmoja, mpaka mama akaja kuuliza nani kafa.

Ni kweli, nilifuta. Nilifuta wiki moja kabla barua yako ya "usiyaguse" haijafika, halafu nikaona aibu kusema. Nisamehe. Uzi mwekundu niliufumua taratibu, mishono yako midogo mpaka huruma kuikata. Flashi ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha gauni langu la darasa la kwanza. Lile la maua ya njano. Ulikitunza muda wote huo?

Nimeupakia mwaka wa kwanza kama ulivyosema. Jumamosi niliangalia watu, kidole kikaenda kulia. Sekunde nane, sita, tisa. Bwana Saa aligonga saa yake kwa kucha akidhani imeharibika. Na mwimbaji akaniambia, "Leo sauti ni tamu, haichomi."

Hapo ndipo nilipofikiri. Spika ni zilezile.

Mjomba, nimezifungua folda nyingine. Zote. Nilikaa Jumapili nzima nikachukua kitufe kimoja, WAZEE WAMEKAA, nikakisikiliza mwaka baada ya mwaka. Mwaka wa kwanza ni laini. Wa tano umepandisha zile sauti nyembamba za juu kidogo. Wa nane umepandisha zaidi. Wa kumi na mmoja nilivua spika za masikioni, sikuweza kuvumilia. Wewe huwezi kuweka sauti ile ukaiacha. Wewe uliyekuwa unamrudisha mpiga gitaa nyumbani kwa waya mmoja uliolegea! Labda kama ulikuwa unaiweka mpaka uisikie.

Na simu hupokei. Na kila kitu unataka kiandikwe.

Mjomba, ni tangu lini husikii?

Sikuulizi ili nikuonee huruma. Nakuuliza kwa kuwa ni mimi. Mama sijamwambia.

Kidole Kimoja

9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wiki ya nne hii hamna barua. Nimemkasirisha mjomba wangu? Kama nimevuka mpaka nigombeze, lakini usininyamazie.

Mimi ni mzima. Zimebaki Jumamosi tatu.

Kidole Kimoja

20 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Hukunikasirisha. Nimeanza barua hii mara tano na zote tano zimekuwa karatasi za kukatia mtindo wa nguo.

Ni kweli. Ilianza na ndege. Nilidhani wamehama. Kisha kengele ya shule, kisha sauti za wanawake kwenye simu, ya mama yako ikitangulia, nikawa naitikia "ndiyo, ndiyo" mpaka siku moja nikaitikia "ndiyo" kumbe ananiambia mtu amefariki. Tangu hapo simu sikuigusa tena. Kwenye kinanda nilipandisha kidogo, kila mwaka kidogo. Nilijiambia spika zimechoka, kama nilivyokudanganya wewe.

Siku ya mwisho ilikuwa harusi ya mchana, ukumbi mzuri, nimefika VIATU CHINI na hakuna aliyevua viatu. Mama wa bibi harusi alikuwa amekaa mbele yangu, ananitabasamia kwa heshima zake zote, na masikioni amejaza karatasi laini za mezani. Nyeupe zimechungulia. Nikaangalia meza ya pili, nao vilevile. Walikuwa wananistahi, mpwa wangu. Miaka yote nilikuwa nawaambia watu "angalieni watu," na mimi sikuwa nimeangalia. Nilibonyeza nane, nikamaliza, nikafunga mfuko, nikasema mgongo unaniuma. Mkaza mjomba wako peke yake ndiye ajuaye, maana yeye ndiye anayenigusa bega mtu akibisha hodi.

Mashine ya kushona bado naisikia kwa mguu. Usinililie. Nilikupa kinanda kwa sababu niliona aibu, hilo nakiri, lakini ungekuwa mtu mwingine ningekiuza. Kile kitambaa cha maua ya njano kilikaa kwenye kasha langu la sindano miaka yote. Nilikitunza, ndiyo.

Jumamosi uifanye vizuri. Mama yako mwambie wewe, mimi sina mdomo wa kumwambia.

Mjomba wako

4 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo, na nyingine akiba.

Barua yako ilifika Alhamisi, harusi Jumamosi. Mama nimemwambia. Akasema, "Kumbe yule mjinga hakuwa amenichukia." Analia kwa furaha mpaka leo. Kuna barua yake ndani ya bahasha hii, kurasa tisa, jiandae kugombezwa.

Sasa harusi. Tumeingia vizuri, wamekaa, wamekula, sahani zimerudi. Wazazi wa pande zote wamesimama katikati kuwapa maharusi mikono, mwimbaji ameshika maneno yake, na umeme ukayumba. Taa zikapepesa, kinanda kikazima, kikajiwasha upya na mdundo wake wa kiwandani, wa kuchekesha, kama wa tangazo la sabuni. Bwana Saa nikamwona anainua mkono kwenye ile saa. Mjomba, sikufikiri chochote. Kidole chenyewe kilikwenda nane. Piano tupu. Mwimbaji akapumua, akaendelea polepole, na bwana harusi akaanza kumfuta mama yake machozi. Watu wakadhani tumepanga! Mtu mmoja alikuja baadaye kuuliza hiyo sehemu inaitwaje.

Bwana Saa akanijia tunafunga vyombo. Akanionyesha daftari: sekunde nne. Akasema, "Nafasi ni yako. Nani kakufundisha?" Nikamwambia fundi nguo mmoja. Akadhani namtania.

Nafasi hii ni yako kabla ya kuwa yangu. Asante kwa kinanda, kwa kitufe cha nane, na kwa kunigombeza nilipostahili kugombezwa.

Sasa fungua kifurushi. Ni mto wa mkaza mjomba, ameshinda. Chini kushoto kuna mshono wa uzi mwekundu. Usiucheke, nimeushona mimi. Ndani kuna flashi.

Nilizirudia zile folda, safari hii sikutafuta ulichopandisha, nilitafuta usichokigusa. Besi, mjomba. Tangu mwaka wa kwanza mpaka wa kumi na mmoja sauti nzito zote zipo palepale, hukuongeza hata kidogo. Maana yake hizo unazisikia. Basi nimeujaza ukurasa wa kumi na mbili. Sauti nane, zote za chini: kinanda kizito, zeze kubwa, tarumbeta la sauti ya kiume. Nyembamba nimezifunga kabisa. Utakachokisikia ndicho watakachokisikia wengine, na hakitamchoma mtu. Mwimbaji na Bwana Saa nimewakalisha wakasikiliza sauti zote nane, hakuna aliyeshika sikio.

Vuka barabara kwa mwalimu. Kinanda chake si aina ileile?

Mpwa wako

30 Juni

Kidole Kimoja,

Marahaba. Mshono wako ni mbaya sana. Nimewaonyesha wateja wawili waone jinsi mtu asivyopaswa kushona, kisha nimeufumua polepole na uzi nimeutunza.

Mama yako nimemjibu kurasa kumi na moja. Amenisamehe kwenye ukurasa wa sita, lakini aliendelea kugombeza mpaka wa tisa.

Flashi ilikaa kwenye kasha la sindano siku kumi. Niliogopa, nikuambie ukweli. Mkaza mjomba wako kila asubuhi alikuwa analiweka lile kasha juu ya nguo niliyokuwa nashona. Jumatano nikavuka barabara naye. Wanafunzi wameshatoka, mwalimu akatupa ufunguo wa darasa akaenda zake kusahihisha madaftari.

Nikafungua ukurasa wa kumi na mbili. Umeviita MJOMBA 1 mpaka MJOMBA 8. Bado unapanga kama muuza dawa, wewe hutapona. Nimevibadilisha vyote. Cha kwanza sasa kinaitwa NDEGE WAMERUDI.

Nikaweka mkono wa kushoto chini kabisa. Mpwa wangu, nilisikia. Sikupandisha chochote. Noti moja, ikakaa, nikaisikia mpaka ilipoisha. Miaka mitatu sijasikia noti inavyoisha. Niliinua mkono nikaiangalia mikono yangu kama ya mtu mwingine.

Kisha nikapiga ule wimbo uliopigwa siku tulipooana mimi na mkaza mjomba wako, wote upande wa chini, wimbo mzima. Nilipoinua macho nilimwona amesimama dirishani na mikono yote miwili usoni. Nikadhani amefunika masikio. Nikasimamisha mikono nikamuuliza, "Inachoma?"

Akaja akanishika kidevu ili nimwone mdomo vizuri, kama anavyofanya akitaka nielewe. Akasema hapana. Akasema nisiache.

Akavua viatu, akaketi karibu yangu kwenye benchi la wanafunzi.

Asante, mwanangu. Jumamosi mwalimu atatupa tena ufunguo.

Mjomba wako